Mtikisiko wa Moyo Husomwa kwa Simu

Simu janja inapolazwa ubavu, picha kwenye kioo hugeuka. Kinachoigeuza ni kitambuzi cha mwendo, kidogo kama punje ya mchele. Simu hiyo, ikiwa na programu maalumu na kuwekwa juu ya kifua cha mtu aliyelala chali, husoma mtikisiko wa kila pigo la moyo, bila sindano.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Turku, Ufini, walitangaza matokeo ya wagonjwa 300, nusu yao wakiwa na mapigo yasiyo na mpangilio. Simu iliwatambua zaidi ya 9 katika kila 10 wenye hitilafu hiyo. Aghalabu haiumi, lakini damu hutuama moyoni, ikaganda, na donge likifika ubongoni huleta kiharusi, ambacho baadhi ya watu hukidhani ni kurogwa.

Simu haitibu, na uthibitisho bado ni kipimo cha umeme wa moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Simbo. Ni heri ijulikane mapema nani anastahili safari hiyo. Asiye na simu ana vidole: aweke viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwa dakika moja. Mapigo yakisita na kukimbia ovyo, aende kituo cha afya, apimwe na presha pia.