Miti ya Shule na Wimbo wa Sherehe

Ndugu walimu, mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujisomea. Redio ilifundisha, kikundi kikajadili, kisha majembe yakachimba vyoo. Nyimbo hazikutengwa na kazi.

Leo tabianchi imebadilika, na barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Vijana huimba na kucheza ngoma mbele ya wageni, miche hupandwa, kisha huja likizo na mbuzi wakaila. Ngoma haina kosa. Wenye kosa ni wakubwa waliopanga sherehe wasipange zamu ya kumwagilia. Hapana budi kila darasa likabidhiwe miti yake hadi kuhitimu, na kwaya itunge wimbo juu ya miti iliyopona.