Mboko ni Wetu? Ngoja Kidogo

Wasikilizaji wa Butembo na Beni, wa Lubero, Oicha na Kasindi, leo sisemi habari ya bei ya dola wala ya barabara. Leo ni tenisi, tena tenisi ya wanawake, na ninajua kuna baba fulani ameshanyoosha mkono atafute stesheni yenye mpira wa miguu. Baba, acha redio hapo hapo. Huyu binti ana jina la kwetu.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Agosti 2025, saa ambayo wengi wetu tulikuwa tumelala, kule Montreal ilikuwa bado ni jioni ya tarehe 7. Victoria Mboko, mwenye miaka 18, alikuwa anacheza fainali ya mashindano ya Kanada na Naomi Osaka wa Japani, dada ambaye kabatini mwake kuna mataji manne makubwa. Seti ya kwanza Osaka alichukua 6-2. Mboko akajikusanya, akachukua ya pili 6-4, na ya tatu akamaliza kazi 6-1. Mashindano hayo ni ya daraja la WTA 1000, na juu yake yanabaki machache tu, yakiwemo yale manne makubwa: Melbourne, Paris, Wimbledon na New York. Bingwa aliondoka na zaidi ya dola elfu 750.

Sasa sikilizeni alivyofika hapo. Aliingia kwa tiketi ya mwaliko, kwa sababu duniani alikuwa mtu wa 85. Kabla ya Osaka alikuwa amekwisha kuwatoa Sofia Kenin, Coco Gauff na Elena Rybakina, na kila mmoja wao ana angalau taji moja kubwa. Katika nusu fainali, Rybakina alibakiza pointi moja tu kumaliza mchezo. Mboko, aliyekuwa ameanguka na kuumia kifundo cha mkono, aliiokoa pointi ile, akashinda.

Wazazi wake, Cyprien Mboko na Godée Kitadi, ni Wakongomani waliohama. Yeye alizaliwa Marekani, mjini Charlotte, mwaka 2006, akakulia Ontario, Kanada. Ni kitinda mimba katika watoto wanne, na wakubwa zake walitangulia kushika raketi.

Desturi yetu tunaijua. Mtoto wa damu ya Kongo aking'ara ng'ambo, siku hiyo hiyo ni wetu. Romelu Lukaku alizaliwa Antwerp na akafunga magoli yote yale kwa Ubelgiji, lakini kwenye barza zetu ni mtoto wa nyumbani. Furaha hiyo siipingi, hata mimi ninayo. Ila ninauliza: wetu kwa kazi gani tuliyoifanya?

Nitawapeleka Wimbledon, Julai 2022, fainali ya wasichana ya wawili wawili. Upande mmoja wa wavu alisimama huyu huyu Victoria Mboko na Mkanada mwenzake, Kayla Cross. Upande wa pili walikuwa Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi na Angella Okutoyi, msichana wa Nairobi. Nijkamp na Okutoyi wakashinda, kwa tofauti ya pointi mbili mwishoni kabisa. Kenya ikapata taji lake la kwanza kwenye viwanja vile vikubwa, japo ni la vijana. Na Okutoyi hakutoka kwenye nyumba ya kitajiri: mama yake alifariki alipojifungua yeye na pacha wake, bibi yao ndiye aliyewalea.

Kwa hiyo siku ile binti wa Nairobi alimfunga binti wa wazazi wa Kongo. Miaka mitatu baadaye, mmoja akawa bingwa wa Montreal. Mwingine naye amefanya makubwa: Machi 2024 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra, na alikwenda Marekani kusoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn. Ila kwenye orodha ya dunia yuko mbali na mwenzake. Haki itendeke hapa: Mboko siku ile alikuwa na miaka 15 na Okutoyi 18, na kipaji hakigawiwi sawa. Lakini kipaji peke yake hakipandi ndege. Januari 2025 Mboko alikuwa nje ya 300 bora, baada ya kusumbuliwa na goti. Akaanza mwaka kwa kushinda michezo 22 mfululizo bila kupoteza seti hata moja. Wapi? Martinique, Guadeloupe, Marekani, Uingereza. Tenisi ndivyo ilivyo: pointi hazikufuati nyumbani, unazifuata wewe, kwa tiketi, hoteli, visa na mwalimu wa kulipwa. Kanada ina shirikisho lenye kituo cha taifa cha kulea vijana. Okutoyi hata kucheza mashindano madogo ilibidi mara nyingi aivuke mipaka ya Kenya.

Na sisi tuko wapi? Tuko kwenye miji ambayo mama wa Beni, jua likianza kuzama, anahesabu kwanza nani amerudi nyumbani. Tangu Mei 2021 tunaishi chini ya amri ya kijeshi, na mauaji ya waasi wa ADF hayajaisha. Sitadanganya kwamba raketi itatibu hayo. Lakini wavulana wetu wanacheza mpira kila jioni katika hali hiyo hiyo. Msichana wa umri ule ule yuko bombani na bidoni, au ligabloni akimsaidia mama yake, na hakuna anayeona ajabu.

Ninyi wafanyabiashara wa Butembo, mnaofika Dubai na Guangzhou, mnaovusha makontena Kasindi: katika mzigo unaokuja tieni katoni moja ya raketi za watoto na mipira yake. Haitawafilisi. Wakuu wa shule na mapadri wa parokia, tenisi ya kwanza haidai uwanja wa kifahari. Inadai sakafu ya simenti na ukuta usio na madirisha. Mtoto anapiga, ukuta unamrudishia, na ukuta hauchoki. Siku ya salongo inatosha kusawazisha kona moja ya kiwanja. Nanyi wazazi, mpeni binti saa moja baada ya masomo, kama mnavyompa kaka yake bila hata kuombwa.

Mboko tumpigie makofi, anastahili. Tukisema ni wetu, tuseme kwa sauti ya chini, maana gharama yote wamelipa wazazi wake na Kanada. Shule yoyote ya Butembo au ya Beni itakayoandaa mashindano ya tenisi ya wasichana, hata kwa mistari ya chokaa na kamba badala ya wavu, itutumie habari hapa redioni. Tutakuja kuyatangaza, kuanzia mchezo wa kwanza hadi fainali, na hatutadai hata franga moja.