Benki Ndogo Hulindwa na Wenyewe

(Mazungumzo mbele ya wafanyabiashara na wakulima, Tunduma)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya faida za kuweka fedha katika benki ndogo ya wenyeji. Nitazieleza faida hizo, kwani ni za kweli. Lakini msemaji anayeisifu benki ndogo na kuyaficha maradhi yake hawatendei haki wanaomsikiliza. Kwa hiyo nitayataja yote mawili.

Tunduma ni mji wa fedha. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, inapita hapa. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapa. Tangu Oktoba 2019, pale ulipozinduliwa utaratibu wa kituo cha pamoja cha mpaka baina yetu na Nakonde, mizigo hukaguliwa kwa pamoja. Shilingi na kwacha hupita mikononi mwetu mchana kutwa. Nyuma yetu iko Mbozi na kahawa yake, na Momba na ufuta wake. Swali langu ni moja: jioni ikifika, fedha hiyo hulala wapi?

Nyingine hulala chini ya godoro, mahali ambapo mwizi na moto wanapajua. Nyingine hulala katika benki kubwa za nchi. Benki hizo tunazihitaji, kwa sababu hufikisha malipo mbali na huweza kubeba mikopo mizito. Lakini mama anayeuza mchele sokoni akihitaji shilingi laki tano, huulizwa hati ya nyumba na vitabu vya hesabu. Hana hati, hana vitabu. Ana jina jema tu, na jina jema la sokoni Tunduma halisomeki katika ofisi iliyoko Dar es Salaam.

Ndipo huangukia mkopo ambao wananchi wenyewe wameupa jina la "kausha damu". Hebu tupige hesabu. Tuseme mkopeshaji wa mtaani anatoza asilimia 30 kwa mwezi. Mkopo wa shilingi milioni moja utadai riba ya shilingi 300,000 kwa mwezi mmoja tu. Tuseme tena kwamba chama cha akiba na mikopo, yaani SACCOS, kinatoza asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Mkopo uleule, deni likipunguzwa kwa mafungu sawa kwa miezi 12, utadai riba ya shilingi 97,500 kwa mwaka mzima. Tofauti hiyo ni karo ya mtoto, ni mbolea, ni mabati ya nyumba.

Mkulima naye ana kausha damu yake. Akibanwa na shida kabla ya mavuno, huuza kahawa ikiwa ingali mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Kagera biashara hiyo huitwa butura. Mbinga huitwa magoma. Majina ni mawili, lakini maumivu ni yaleyale: jasho la msimu mzima huuzwa kwa sababu ya njaa ya mwezi mmoja. Mkopo mdogo uliotolewa kwa wakati wake ungeliokoa shamba hilo.

Je, kwa nini chombo kidogo kinaweza kumkopesha yule ambaye benki kubwa inamwogopa? Kwa sababu kinamjua. Wajumbe wa kamati ya mikopo wanajua nani huamka alfajiri na nani hushinda kilabuni. Wadhamini wake ni jirani zake, nao wameweka akiba zao rehani kwa ajili yake. Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1864 Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa meya huko Ujerumani, alianzisha chama cha mikopo kwa wakulima waliokuwa wakinyonywa na walanguzi wa riba. Msingi wake ulikuwa huohuo: wanachama wajuane, na wabebe deni kwa pamoja.

Sasa nije kwenye maradhi.

Tarehe 4 Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji. Miongoni mwake ilikuwamo Benki ya Wananchi Njombe, ya jirani zetu. Wakati huo bima ya amana ilimlinda kila mwenye akiba hadi shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya hapo ilimbidi amngoje mfilisi. Tangu mwaka 2023 kinga hiyo imepandishwa hadi shilingi 7,500,000. Lakini yafaa mjue kwamba bima hiyo ni ya benki. Akiba ya SACCOS haimo.

Benki ndogo huuawa na nini? Kwanza, huweza kuuawa na kulekule kujuana ninakokusifu. Mjumbe anashindwa kumdai shemeji yake. Mwenyekiti anajikopesha kwanza. Mkopaji anasema fedha ni zetu, basi haraka ya nini? Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mahali ambapo watu wote ni ndugu, hakuna anayetaka kuongoza matanga hayo. Pili, wanachama wote hutegemea pato la namna moja. Mwezi Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, mlango wa riziki ya mji huu ulifungwa kwa wote siku moja. Chombo kinachowakopesha watu wa mpaka peke yao huugua siku wanayougua wote.

Lakini kifo si lazima. Siku ileile ya Januari 2018, benki nyingine tatu zilipewa miezi sita ziongeze mtaji. Mbili kati yake, Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro na Benki ya Wananchi Tandahimba, ndizo zilizokuja kuwa shina la Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Fundisho lake ni kwamba chombo kidogo kibaki karibu na watu wake, ila kisisimame peke yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla hujakabidhi hata shilingi moja, uliza maswali manne. Chama hiki kina leseni? Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kila SACCOS hupaswa kuwa nayo, nayo hutolewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Hesabu zake zimekaguliwa, na taarifa ya ukaguzi imesomwa mbele ya mkutano mkuu? Viongozi wamekopa kiasi gani, nao wanalipa? Mikopo iliyochelewa ni mingapi? Kiongozi anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kuyajibu.

Mkishaingia, msiende kulala. Hudhurieni mkutano mkuu hata siku ambayo hakuna posho. Lipeni madeni yenu kwa wakati, na mdaini nduguyo alipe ya kwake, kwani fedha aliyoichelewesha ni ya yule mama wa mchele. Faida ya benki ndogo ni kwamba mwenye mali yu karibu nayo, na huweza kuiona kwa macho yake. Akiyafumba macho hayo, faida yote imekwisha. Mali bila daftari, ndugu zangu, hupotea bila habari.