Mnara, Dubu na Nunda: Mzazi Achungaye Kupita Kiasi katika Ngano za Katuni



Mada ya jioni hii yaweza kuonekana nyepesi mbele ya hadhira iliyozoea kujadili ngeli na mofimu. Katuni ni mambo ya watoto, atasema mtu. Hata hivyo, wapo watoto wengi, mjini Arusha na huku chini Nduruma, ambao leo hukutana na ngano kwenye kioo cha runinga au cha simu kabla ya kukutana nayo kinywani mwa bibi. Na kisa kimoja kinachorudiwa sana katika ngano hizo za kioo ni cha mzazi anayemzuia mtoto asitoke. Dai langu ni kwamba nyingi kati ya katuni hizo humwondolea lawama mzazi wa kweli, ilhali ngano ya Kiswahili iliyochapwa tangu karne ya 19 humtazama mzazi huyo usoni.

Nianze na msamiati, kwa kuwa ndipo penye kazi yetu. Kiswahili hakina neno moja la kulitaja kosa hili. Tunalo neno kudekeza, lakini huko ni kumpa mtoto mno, si kumzuia mno. Tunalo pia kutawisha, yaani kumweka mwana wa kike ndani asionekane. Ila katika mwambao wa zamani tendo hilo lilihesabiwa kuwa heshima ya nyumba, wala halikuhesabiwa kosa. Neno linalokaribia zaidi ni kuchunga. Mchungaji wa mbuzi katika tambarare za Nduruma huchunga; mzazi naye huchunga watoto; na jikoni, kuchunga ni kuchekecha unga, kuamua kipi kipite na kipi kibaki katika chekecheo. Ndiyo maana nimechagua kusema “kuchunga kupita kiasi”. Maneno hayo yanakiri kwamba kosa hili ni tendo jema lililozidi kipimo, na kwamba mtendaji wake anaweza kuwa mzazi yule yule tunayemsifu.

Sasa tuitazame katuni iitwayo Tangled, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 2010. Binti amefungiwa mnarani na mwanamke aitwaye Gothel, anayejidai kuwa mama yake na kumwimbia hatari za ulimwengu. Mwishowe tunathibitishiwa kwamba Gothel si mama bali ni mwizi wa mtoto, na kwamba wazazi halisi walikuwa wakiwasha taa kila mwaka wakimngoja. Katika ngano ya Rapunzel waliyoichapisha ndugu Grimm mwaka 1812 mambo hayakuwa hivyo. Humo baba mzazi ndiye aliyekubali kumtoa mtoto, kwa sababu ya mboga alizoiba katika bustani ya jirani ili kumridhisha mkewe. Watengenezaji wa katuni wameufuta mkataba huo wakaweka wizi mahali pake. Kwa badiliko hilo moja, anayefungia ni mgeni, na mzazi wa damu hana doa. Hadithi inapendeza, kwa msichana anayetaka kuyafahamu ya kwao, haina msaada mkubwa.

Brave, iliyotolewa na Pixar mwaka 2012, ina ujasiri zaidi. Malkia Elinor ni mama wa kweli, anampenda bintiye Merida, na kwa mapenzi hayo hayo anataka kumwoza kwa mmoja wa wana wa koo tatu. Mwandishi hakupata njia nyepesi ya kumtoa mama huyu katika msimamo wake, akamgeuza dubu. Mama anapoteza usemi, na hapo ndipo anapoanza kusikia.

Nimeitaja Brave kwa sababu suala lake si la Uskoti pekee. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 13, iliruhusu msichana aolewe akiwa na umri wa miaka 15, na kifungu cha 17 kikaiweka ridhaa mkononi mwa mzazi au mlezi. Katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Baba aliyetoa ridhaa hiyo hakuwa Gothel. Hakumwiba mtoto, pengine aliamini kwamba anamlinda. Lugha ya mnara na mchawi haimfikii mtu wa namna hiyo.

Nakuja kwenye ngano yetu. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mkusanyo wa hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja, na ndani yake mna kisa cha Sultani Majinuni. Sultani ana mtende, na anawapa wanawe zamu za kuulinda, wakishindwa huwadharau. Ana paka pia. Paka anakula mifugo, na kila watu wanapokuja kushtaki, Sultani hujibu kwamba paka ni wake na mali ni yake. Yaani baba anachunga tende, hachungi paka. Paka anageuka nunda, mla watu, na wana wa Sultani wanaliwa.

Kijana mdogo, aliyekuwa akidharauliwa na baba yake, anataka kumwendea nunda. Mama anamsihi abaki, na sababu anayo: amekwisha kufiwa. Kijana anakwenda. Anaua mbwa, anamleta, anadai kwamba ndiye nunda. Mama anamwambia siye. Anatoka tena, na wanyama wanazidi kukua: punda milia, twiga, kifaru, tembo. Kila mara mama anakana, na kila mara anamwomba akae nyumbani.

Wahakiki wakiona hapa marudio tu, ya kumsaidia msimulizi kukumbuka, nadhani wamepitwa na jambo. Neno la kukana ndilo zuio, na ndilo somo. Mama asingekana, kijana angejitangaza shujaa kwa mzoga wa mbwa. Anayejaribu kumfungia ndiye pia anayempa kipimo cha adui. Hakuna mnara wa kubomoa, wala mama hahitaji kugeuzwa mnyama. Mwana anatoka akiwa na sauti yake masikioni, na siku anayomuua nunda, wazazi wote wawili wanafurahi.

Lipo pengo, nami sitalificha. Anayetoka ni mvulana. Nduruma nako mvulana mdogo hupewa mbuzi akaenda nao mbali na macho ya wazazi, wakati dada yake anaitwa arudi kutoka mtoni kabla jua halijazama. Mchungwaji na mchungaji katika boma moja hawana uzito sawa.

Uwezo wa kutengeneza katuni kwa Kiswahili tunao. Ubongo Kids imekuwa ikirushwa tangu mwaka 2014. Atakayemchora nunda atalazimika kuamua mama aseme “siye” kwa sauti gani, ya woga au ya ujuzi, na kama atakayemletea mizoga atakuwa binti. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaweza kumtangulia. Waende Nduruma na vinasa sauti, wawaombe kina bibi, wasemao Kimeru na wasemao Kimaasai, kisa cha mtoto aliyekatazwa kutoka. Na wanukuu kwa uaminifu maneno ya katazo lenyewe, ambayo wakusanyaji wengi huyafupisha.