Mazungumzo ya Afya: Kidonge Kisichomezeka



Leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulionea haya, nalo ni kushindwa kumeza vidonge. Marehemu mama yangu, aliyekuwa na maradhi ya presha, alikuwa akivitia kinywani mbele yetu, kisha akivitema kwa siri na kuvifunga katika pindo la kanga. Tulivigundua siku ya kufua, ndipo tukafahamu kwa nini presha yake ilikuwa haishuki.

Tukakimbilia kinu. Hapo tulikosea. Vipo vidonge vya presha, kama baadhi ya aina za nifedipini, vilivyotengenezwa ili vitoe dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Vikisagwa, dozi yote huingia mwilini kwa mara moja, na presha huweza kuporomoka. Vingine huvishwa gamba ili visiyeyuke mpaka vipite tumbo. Kwa hivyo, kabla ya kukisaga, kukikata au kukifungua kidonge, aulizwe kwanza daktari au mfamasia. Huenda dawa hiyo hiyo ipo ya maji, au ya kuyeyushwa, kama ilivyo zinki ya watoto wanaoharisha. Mama alibadilishiwa dawa, na kanga yake ikasalimika.

Ama katika kumeza, mgonjwa akae wima, apige funda la maji kulainisha koo, kisha ameze kwa bilauri nzima. Kapsuli huelea juu ya maji. Basi asiinue kichwa, bali ainamishe kidevu kifuani ndipo ameze. Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, waliieleza njia hii mwaka 2014.

Katika mwezi wa Ramadhani wapo wanaoamka daku dakika za mwisho, wakameza dawa kwa funda moja huku adhana inakaribia, kisha wakarudi kulala. Kapsuli ya doksisaiklini ikinasa katika umio huweza kuuchoma na kutia kidonda, na mwenyewe akaamka kifua kinamuwaka, akaisingizia pilipili ya daku. Abaki wima kwa nusu saa angalau.

Lakini mtu anayepaliwa hata na mate yake, au aliyeshindwa kumeza kwa ghafla huku mdomo umepinda au mkono umelegea, huyo asipewe kidonge, wala maji, wala uji. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.