Helikopta za Uokoaji na Wajibu Wetu Mpakani



Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi ndio waliotangulia kufika. Walikuwamo watu 43. 24 walinusurika, 19 wakafariki. Basi tunapokaribisha helikopta mpya katika huduma ya taifa ya uokoaji, hatusemi kwamba mtumbwi umestaafu. Helikopta huona mbali na kumwopoa mtu majini kwa waya. Lakini pasipo taarifa, haijui pa kwenda.

Tuarifuni mara moja: mahali, idadi ya watu, na saa walipoonekana mwisho. Ikikaribia, ondoeni mabati na maturubai, mkawashike watoto. Msiguse ndoano kabla haijagusa ardhi au maji, kwani huweza kubeba umeme. Msiisogelee kwa nyuma. Panga la mkiani likizunguka halionekani vema.

Kuvuka mpaka kwa anga huhitaji kibali; kwa hiyo polisi wa pande zote mbili wapewe habari mapema.

Maji hayaulizi uraia. Nasi tusimwulize anayezama.