Mashine Isahihishe, Sauti Ibaki Yako

Nimeombwa niongee kuhusu akili mnemba na uandishi wetu: makala, matamko, barua kwa diwani, maoni ya muswada. Naongea kama mwanafunzi wa sheria, na sitawachosha.

Mimi naitumia, na sioni aibu kusema. Wengi wetu hatuna mhariri wala pesa ya kumlipa. Programu hizi zinaona haraka neno lililorudiwa, aya isiyo na mwisho, hoja iliyoruka hatua. Yote hayo kwa bando la kawaida. Shida inaanza pale unapoiambia "niandikie vizuri".

Hebu chukueni sentensi hii: "Bomba la mtaani kwetu halijatoa maji tangu Ramadhani, mama yangu anaamka saa tisa usiku kusaka ndoo mbili." Iambie mashine iiboreshe, na usishangae ikikurudishia: "Jamii inakabiliwa na changamoto ya upatikanaji wa maji safi na salama." Kiswahili sanifu kabisa. Lakini mama hayupo, Ramadhani haipo, saa tisa haipo. Diwani akiisoma hana cha kujibu.

Programu hizi zimefunzwa kutabiri neno linaloelekea kufuata, kwa hiyo zinakuvuta kwenye lugha ya kila mtu. Sheria ya ushahidi inataka aliyeona kwa macho aje aseme mwenyewe. Na sisi tuandike hivyohivyo. Barua hamsini za vijana hamsini zikifanana neno kwa neno, mpokeaji atasema zimeandikwa na mtu mmoja, na zote zitaishia kapuni.

Sasa tufanyeje?

Kwanza, andika rasimu yako mwenyewe, hata kama ni mbovu.

Pili, usiombe iandike upya, omba ikuulize maswali: wapi sieleweki? Hoja gani haina ushahidi?

Tatu, ikipendekeza badiliko, itoe na sababu. Wewe ndiye unaamua. Kisha soma kwa sauti. Neno ambalo huwezi kulisema kijiweni kwenu, litoe.

Nne, namba za vifungu na majina ya kesi hakiki mwenyewe. Mwaka 2023 kule New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT.

Tano, usibandike humo majina wala namba za simu za watu waliokupa habari. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, huyo mtu amekuamini wewe, sio mashine.

Muswada ujao ukiitiwa maoni, kila mmoja wetu aandike ukurasa mmoja wa kwake. Mashine ipite baadaye. Halafu tukutane hapahapa, tusomeane kwa sauti, tukosoane.